Ibn Sina: Aliyejisomea Utabibu, na Funzo kwa Watoto Wetu Wanaosomea Uuguzi

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Swahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, tumeletewa suali na mzee mmoja wa hapa visiwani ambaye binti yake anasomea uuguzi bara, mkoani Mbeya. Binti huyo amepanga chumba Kyimo, wilaya ya Rungwe, kando ya barabara kuu iendayo Tukuyu na mpaka wa Malawi. Sisi tumewahi kupita huko katika safari ya daawa. Ni nchi ya migomba, chai na ukungu, mvua yake haina msimu wa kupumzika, na mtu wa pwani akifika hujuta kwa nini hakubeba koti la pili.

Anasema mzee wetu kwamba bintiye amempigia simu akilia. Darasani huambiwa mambo mengi wakajisomee wenyewe. Wakipelekwa wodini kwa mazoezi, wauguzi wamezidiwa na wagonjwa na hawana nafasi ya kumwelekeza mwanafunzi. Siku moja alikosea kusoma kipimo cha dawa, akagunduliwa kabla mgonjwa hajapewa, na akakaripiwa mbele ya watu. Sasa anataka kurudi nyumbani. Mzee anauliza mambo mawili. Kwanza, je, elimu ya kujisomea ni elimu kweli, au mwanawe anapotezewa muda na ada? Pili, lau mgonjwa angedhurika, dhambi na dhamana ingekuwa juu ya nani?

Tumeona tusimjibu kwa mistari miwili mitatu. Tumeona tumsimulie yeye, bintiye na wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye kila mmoja amesikia jina lake lakini wachache wameyasoma maisha yake kwa ukamilifu. Naye ni Abu Ali Al-Husayn bin Abdillah, maarufu kwa jina la Ibn Sina. Sehemu ya kwanza ya maisha yake aliisimulia mwenyewe, na iliyobaki ameisimulia mwanafunzi wake Abu Ubayd Al-Juzjani, aliyefuatana naye kwa takriban miaka 25.

Kuzaliwa Kwake na Malezi Yake

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria, sawa na mwaka 980, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo uko Uzbekistan. Baba yake, Abdullah, alitoka Balkh na alikuwa mtumishi wa serikali ya Wasamani. Mama yake akiitwa Sitara, mwenyeji wa kijiji hicho hicho. Baadaye familia ilihamia Bukhara, mji wa misikiti, maduka ya vitabu na wanazuoni.

Alianza kama wanavyoanza watoto wetu. Alipelekwa kwa mwalimu wa Qur'ani na mwalimu wa fasihi ya Kiarabu, na alipofika umri wa miaka 10 alikuwa amekamilisha Qur'ani. Fiqhi aliisoma kwa Ismail Az-Zahid, na hapo ndipo alipojifunza adabu ya kuuliza na kujibu. Baba yake hakudharau mwalimu wa aina yoyote. Alimpeleka kwa muuza mboga mmoja aliyekuwa hodari wa hesabu za Kihindi, ili kijana ajifunze kuhesabu. Tunaomba msomaji aikumbuke hesabu hii ya muuza mboga, kwani tutairejea mwishoni.

Namna Alivyojisomea

Akaja Bukhara mwalimu aitwaye Abu Abdillah An-Natili. Baba akamkaribisha nyumbani, naye akamfundisha kijana mantiki na jometri. Katika kitabu cha Euclid, An-Natili alimwonesha maumbo matano au sita ya mwanzo, na yaliyobaki kijana akayatatua peke yake. Tutazame vizuri tukio hili. Mwalimu hakumaliza kitabu, wala hakumkabidhi mtoto kitabu kitupu. Alimshika mkono mpaka akajua njia, kisha akamwacha atembee. Hii ndiyo kujisomea kwenye maana. Mwanafunzi anayeambiwa akajisomee bila ya kuoneshwa yale maumbo matano ya mwanzo ana haki ya kulalamika. Aliyeoneshwa, kisha akasubiri atafuniwe kitabu kizima, amejidhulumu mwenyewe.

An-Natili alipoondoka, Ibn Sina aliendelea na vitabu na sharhe zake, kisha akaingia katika elimu ya utabibu. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa hakuiona elimu hii kuwa ni ngumu, na kwamba kwa muda mfupi tu matabibu wenye sifa walikuwa wakija kusoma kwake. Umri wake wakati huo ulikuwa miaka 16.

Wengi wakifika hapa husimama na kusema kwamba alikuwa na kipaji, basi na yaishe. Lakini masimulizi yake hayakuishia hapo. Alisema kwamba alianza kuwashughulikia wagonjwa, na hapo ndipo ilipomfungukia milango ya tiba ambayo haielezeki, ile inayotokana na uzoefu. Yaani kitabu kilimpa elimu, na mgonjwa akampa elimu nyengine isiyoandikika. Tena mwandishi wa wasifu wa matabibu, Ibn Abi Usaybia, ametaja kuwa Ibn Sina alihudhuria majlisi ya tabibu mkongwe Abu Mansur Al-Qumri. Kwa hivyo hata huyu anayepigiwa mfano wa kujifundisha mwenyewe alikaa mbele ya mzee wa fani na akatazama.

Maulamaa wetu tangu zamani wamemwonya mtu anayekifanya kitabu kuwa ndiye sheikh wake wa pekee. Sisi tuliosoma vyuoni kwa masheikh, kisha tukasoma vyuo vikuu, tunalijua hilo. Tajwidi unaweza kuisoma kitabuni usiku kucha, lakini siku ukikaa mbele ya mwalimu ndipo utakapojua kuwa dhaad yako si dhaad. Na sindano ni hivyo hivyo.

Utaratibu Wake wa Kusoma

Baada ya hapo alijifungia mwaka mmoja na nusu katika kusoma. Hakulala usiku mmoja ukamilifu, wala mchana hakujishughulisha na jengine. Hakuwa akisoma ovyo. Alijiwekea karatasi mbele yake, na kila hoja aliyokutana nayo akiandika misingi yake, mpangilio wake na masharti yake, mpaka ukweli wa jambo umdhihirikie. Likimtatiza, alikwenda msikiti wa Ijumaa, akasali na kumwomba Mola wake mpaka lifunguke. Kisha akirudi nyumbani, akaweka taa mbele yake na kuendelea.

Na hapa uaminifu unatulazimu tuseme jengine alilolisimulia mwenyewe, kwamba usingizi au udhaifu ulipomzidi alikunywa kikombe cha mvinyo ili arejeshe nguvu. Hili hatumfuati. Kadhalika maulamaa wetu, akiwemo Imamu Al-Ghazali, wamemkosoa vikali katika masuala ya itikadi, khasa kauli za wanafalsafa kuhusu ukongwe wa ulimwengu, elimu ya Allah juu ya mambo madogo madogo, na ufufuo wa miili. Tunachokichukua kwake ni utabibu na bidii yake. Kama tunavyochota maji safi kisimani na kuyaacha matope chini, ndivyo inavyotakiwa kusoma maisha ya watu.

Lipo pia tukio la kitabu cha metafizikia cha Aristotle. Alikisoma mara 40 mpaka akakihifadhi, na bado hakukielewa, akajikatia tamaa. Siku moja alasiri, katika soko la vitabu, dalali alimnadia kitabu. Akakikataa. Dalali akamsihi kwamba mwenyewe ana shida ya pesa, na bei ni dirhamu 3 tu. Akakinunua. Kumbe ni kitabu cha Al-Farabi kinachoeleza makusudio ya kile kilichomshinda. Akakisoma usiku huo na yote yakamfungukia. Siku ya pili yake akatoa sadaka nyingi kwa mafakiri kumshukuru Allah. Basi binti yetu aliyeko Kyimo asidhani kuwa kutofahamu ni dalili ya kutofaa. Mara nyengine kinachokosekana ni kitabu kidogo cha dirhamu 3, au mwenzako wa mwaka wa tatu wa kukueleza kwa nusu saa.

Kuingia Kwake Katika Hazina ya Vitabu

Akiwa bado kijana, mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, aliugua maradhi yaliyowatatiza matabibu wake. Jina la Ibn Sina likatajwa, akaitwa, akashirikiana nao katika kumtibu. Alipopewa nafasi karibu na mtawala, hakuomba shamba wala farasi. Aliomba ruhusa ya kuingia maktaba. Akakuta nyumba yenye vyumba vingi, kila chumba na masanduku ya vitabu vya fani moja, vikiwemo vitabu ambavyo watu hawakuwahi hata kuvisikia majina. Alipotimiza miaka 18 alikuwa amemaliza elimu hizo zote, na baadaye alikiri kuwa tangu siku hizo hakuongezewa elimu mpya. Kilichoongezeka ni kukomaa kwake tu.

Safari, Wagonjwa na Daftari

Alipokuwa na miaka 22 baba yake alifariki, na dola ya Wasamani ikaporomoka. Akaanza maisha ya kuhama mji hadi mji: Gurganj, Nasa, Tus, Jurjan, Rayy, Hamadan. Jurjan ndiko alikokutana na Al-Juzjani, na ndiko alikoanza kuandika Al-Qanun fi At-Tibb, kitabu cha juzuu tano kilichokuja kufasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kusomeshwa vyuo vikuu vya Ulaya mpaka karne ya 17.

Huko Hamadan alimtibu Amiri Shams Ad-Dawla maradhi ya msokoto wa tumbo, akakaa naye siku 40 usiku na mchana, kisha akafanywa waziri. Wanajeshi wakamwasi, wakapora nyumba yake, naye akajificha siku 40 mpaka Amiri alipougua tena na kumtafuta kwa kumwomba radhi. Mchana alikuwa katika kazi ya serikali, kwa hivyo darsa ziliwekwa usiku. Wanafunzi walikusanyika nyumbani kwake kila usiku, mmoja akisoma kitabu cha Ash-Shifa, mwengine Al-Qanun. Baadaye alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na humo gerezani akaandika vitabu. Wala hatusemi haya ili kuhalalisha mwanafunzi kunyimwa mwelekezaji. Tunayasema ili ijulikane kuwa mazingira mabaya hayajawahi kuwa sababu ya kutosha ya kufunga kitabu.

Al-Juzjani ametueleza jambo ambalo tungependa kila mwanafunzi wa uuguzi alijue. Katika kutibu, Ibn Sina alipata majaribio mengi, akawa anayaandika katika karatasi ili ayaingize katika Al-Qanun. Karatasi hizo zikapotea kabla kitabu hakijakamilika. Yalibaki machache yanayosimuliwa. Siku moja kichwa kilimuuma mwenyewe, akahofia uvimbe. Akaagiza barafu nyingi, ikapondwa, ikafungwa katika kitambaa na kuwekwa kichwani, akapona. Na huko Khwarazm alimwagiza mwanamke mwenye kifua kikuu asitumie dawa nyengine ila mraba wa waridi na sukari, akautumia kwa wingi siku hadi siku, na ikasimuliwa kuwa alipata nafuu.

Hatuyataji haya ili watu waache vidonge vya kifua kikuu na kukimbilia waridi. Leo maradhi hayo yana tiba inayojulikana, na kuiacha ni kujitia katika maangamizi. Tunayataja ili ionekane kwamba mtu huyu, baada ya vitabu vyote hivyo, alikuwa na daftari la mazoezi. Aliona, akatenda, akaandika. Wanafunzi wetu nao hupewa daftari la kuandika kila walilolifanya wodini, amekwenda kupima presha mara ngapi, ametundika dripu ngapi, amezalisha wangapi, na anayemsimamia hutia saini. Tunasikia wapo wanaolijaza daftari hilo kwa siku moja mwisho wa muhula, na saini wakaziomba kwa mkupuo. Huo ni uongo wa maandishi, na siku ya kuulizwa kwake iko karibu, aidha kitandani kwa mgonjwa au mbele ya Allah.

Katika juzuu ya pili ya Al-Qanun ameweka masharti ya kuijaribu dawa. Miongoni mwake ni kuwa dawa isichanganyike na sifa ya kigeni, ijaribiwe katika maradhi ya namna moja na si yaliyochanganyika, itazamwe inachukua muda gani kufanya kazi, athari yake irejee mara nyingi ili isiwe bahati tu, na ijaribiwe katika mwili wa mwanadamu, kwani kilichomfaa simba au farasi si lazima kimfae mtu. Kadhalika aliandika utenzi wa utabibu wenye beti zaidi ya 1,000, ili wanafunzi wahifadhi, kama sisi tulivyohifadhi nadhmu za tajwidi na nahau. Alijua kwamba anayesimama mbele ya mgonjwa hana nafasi ya kufungua kitabu.

Alipofedheheshwa

Alipohamia Isfahan kwa Amiri Ala Ad-Dawla, siku moja lilizuka suala la lugha ya Kiarabu, akatoa rai yake. Mwanalugha Abu Mansur Al-Jabban akamwambia mbele ya watu kuwa yeye ni mwanafalsafa na tabibu, na katika lugha hakusoma cha kumfanya asikilizwe. Yalimchoma. Hakurudi kwao Bukhara. Aliagiza kutoka Khurasan kamusi kubwa ya Al-Azhari na akajishughulisha na lugha miaka mitatu, mpaka akafikia daraja ambayo ni wachache huifikia. Kidonda cha kukaripiwa akakitibu kwa kusoma.

Kifo Chake

Tunafika katika sehemu iliyotufanya tuyachague maisha haya. Mwishoni mwa umri wake Ibn Sina alipatwa na yale yale maradhi ya msokoto wa tumbo aliyokuwa akiyatibu kwa wafalme. Alikuwa safarini na Amiri, akaogopa kuachwa nyuma, akafanya haraka ya kupona. Siku moja akajitia dawa ya maji kwa njia ya haja kubwa mara nane, mpaka utumbo ukachubuka. Kisha akaagiza katika dawa hiyo zitiwe mbegu za karafsi, mmea wa jamii moja na giligilani, kwa kipimo cha danaq mbili. Aliyekuwa akimhudumia akatia dirhamu tano. Dirhamu moja ni danaq sita. Kwa hivyo badala ya danaq mbili aliwekewa thelathini, yaani mara kumi na tano ya alichoagiza. Al-Juzjani amesema hajui kama ilikuwa kwa makusudi au kwa kukosea. Ukali wa mbegu ukazidisha michubuko. Na katika dawa yake nyengine mtumishi wake mmoja alitia afyuni nyingi, kwa kuwa watumishi wale walikuwa wameiba mali yake na wakahofia kuadhibiwa.

Alidhoofika, akapata nafuu kidogo, akarudiwa. Alipofika Hamadan alijua kuwa nguvu zimekwisha, akaacha kujitibu. Imesimuliwa kuwa alioga, akatubia, akatoa sadaka kwa mafakiri, akarudisha haki za watu aliowajua, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anakhitimu Qur'ani kila siku tatu. Akafariki mwaka 428 Hijria (1037), kwa kauli mashuhuri katika mwezi wa Ramadhani, na kaburi lake liko Hamadan mpaka leo. Allah amsamehe na atusamehe sisi.

Jawabu Letu

Mzee wetu, tabibu mkubwa kuliko wote wa zama zake hakuangushwa na upungufu wa elimu yake. Alipozidiwa, roho yake ilikuwa katika mikono ya wanaomhudumia, na mikono ile haikupima sawa. Hicho ndicho anachokisomea binti yako. Daktari ataandika, lakini mkono wa mwisho kumfikia mgonjwa ni wa muuguzi. Na hesabu ya kutenganisha danaq na dirhamu ni ile ambayo Ibn Sina alijifunza kwa muuza mboga.

Suali la kwanza: kujisomea ni elimu, tena ni lazima, lakini ni nusu yake. Nusu nyengine iko wodini, chini ya jicho la aliyetangulia. Wakufunzi wana amana ya kuonesha maumbo matano ya mwanzo, na wauguzi wazoefu wana amana ya kumwelekeza mwanafunzi hata wakiwa wamechoka.

Suali la pili: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayejitia katika utabibu bila ya kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Mafakihi wakaeleza kuwa mjuzi aliyepewa idhini na asiyevuka mpaka wa fani hana dhamana ya matokeo yaliyo nje ya uwezo wake. Mwanafunzi hajawa mjuzi bado, kwa hivyo kinga yake ni usimamizi. Asifanye peke yake asichokijua, na asione haya kusema kuwa hajui. Akikosea aseme papo hapo, kwani mgonjwa aliyetiwa kipimo kibaya huokolewa na dakika, na huuliwa na aibu ya aliyenyamaza. Madhara yakitokea, kila kisa huangaliwa kwa hali yake.

Kwa hivyo usimrudishe. Mpelekee nauli ya likizo, mnunulie koti, na mwambie kosa lile lililogunduliwa kabla ya kumfika mgonjwa ni neema, si fedheha. Akumbuke Bibi Rufaida Al-Aslamiyya (r.a.), aliyewauguza majeruhi katika hema lake msikitini Madina, na ambaye Mtume (s.a.w.) aliagiza Sa'd bin Mu'adh (r.a.) apelekwe kwake alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Mama zetu na dada zetu wa visiwani wanahitaji wauguzi wanawake wenye elimu na stara, na hao hawatashuka mbinguni. Watatoka katika vyumba kama kile cha Kyimo.

Tunamwomba Allah awape watoto wetu elimu yenye manufaa, mikono yenye amana na nyoyo zenye huruma, na awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.

Na Allah ndiye mjuzi zaidi.